Asumini kwenye Ndege ya Pemba

Kuna tovuti moja inayosema safari ya angani kutoka uwanja wa ndege wa Tanga hadi ule wa Pemba ni zaidi ya nusu saa. Nyingine inasema dakika ishirini. Ya tatu inatoa umbali tu, kilomita themanini na kitu, kisha inakuacha upige hesabu mwenyewe. Nilizisoma zote tatu nikiwa nimekaa barazani kwa bibi yangu, Ngamiani, Tanga mjini, naye anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwambia kuna tovuti hapa inadanganya, ila sijajua bado ni ipi.

"Kwako wewe kila kitu kinadanganya," alisema bila kuinua macho. "Siku moja utanidai hata cheti cha kuzaliwa."

"Unacho?"

"Sina. Na nimezaliwa, mke mwenzangu."

Ndivyo anavyoniita. Kwa utani wa kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo mimi na bibi ni wake wenza, ingawa babu alifariki kabla sijaanza shule na tangu hapo hatuna mume wa kugombania. Bibi ndiye aliyemzaa mama yangu. Ni Mtang'ata wa Tongoni, kijiji cha pwani kusini mwa mji. Alipoolewa akaja mjini alibeba tawi la mwasumini kutoka kwa mama yake, akalichomeka uani, karibu na mahali pa kufulia. Tawi lile sasa ni kichaka kinachofunika nusu ya ukuta.

Wanawake wote wa ukoo wetu walioolewa wametolewa mbele ya watu wakiwa na koja la asumini za mwasumini ule, lililotungwa kwa mkono wa bibi. Mama yangu, mama mdogo, dada yangu. Niliwahi kuuliza kwa nini lazima uwe mmea ule na mkono ule. Nilijibiwa kwamba ndivyo ilivyo. Ni jibu ambalo chuo kikuu kilinifundisha kutolikubali, na ambalo bibi hajawahi kuona sababu ya kuliongezea neno.

Sasa alikuwa anaolewa binti wa mama mdogo. Mama mdogo aliolewa Wete, huko Pemba, na watoto wake wamekulia huko. Harusi ilikuwa Wete. Kwa mara ya kwanza koja la bibi lingelazimika kuvuka bahari, na hapo ndipo suala la kilomita na dakika lilipoacha kuwa mchezo wa simu. Asumini haisubiri mtu. Tumba linachumwa mchana likiwa limefumba, jeupe, limejaa. Jioni linaanza kufunguka. Usiku linanukisha chumba kizima. Asubuhi limekuwa la kahawia kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Boti ya wiki ile ilikuwa inaondoka siku moja kabla ya harusi, na maua ya kwenye boti yangefika Wete yakiwa ya kutupa.

"Kwani Pemba hakuna asumini?" mjomba aliuliza siku tulipokaa kupanga safari. Hakuwa na nia mbaya; ni mtu wa kupenda mambo yaishe. Bibi aliinuka akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Halafu kulikuwa na shangazi wa bwana harusi. Upande ule ni Waarabu wa zamani wa Pemba, asili yao Oman, watu wenye mashamba ya mikarafuu na kauli ya watu wenye mashamba. Alimtumia bibi ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, maana bibi anatumia simu ya kitochi. "Bi mkubwa, usijisumbue bure. Maua ya Tanga yatafika yamelala. Sisi tumeagiza taji kutoka Dar es Salaam, la plastiki, zuri, halinyauki hata mtoto akiachika akaolewa tena." Kikafuata kicheko kirefu. Bibi aliniomba niurudie ujumbe ule. Nikaurudia. Akaniomba tena.

"Anatania," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana sijamtukana."

Alisema hivyo huku akikunja pindo la kanga yake na kulikunjua. Nikaona kwamba kitu chenyewe si taji wala shangazi. Yule binti wa Wete ni mjukuu ambaye bibi hakumlea, hakumpaka wanja, hakumfundisha hata kusuka. Alimwona likizo kwa likizo. Koja ndilo lililobaki la kumwonyesha kwamba na yeye ni wa nyumba hii. Bibi hakuniambia maneno hayo, na nisingethubutu kumwambia kwamba nimeyasoma usoni mwake. Nikasema tu kwamba tutapanda ndege, mimi na yeye, siku yenyewe ya harusi, na maua tutayabeba mkononi.

Mjomba alikata tiketi. Mama na wengine wakaenda mbele kwa boti pamoja na masanduku ya nguo.

Hesabu niliichukua mimi, na niliichukua kwa kiburi. Nilirudi kwenye ile tovuti ya nusu saa, nikasoma maandishi madogo ya chini ambayo watu hawasomi. Kumbe walipiga hesabu ya ndege kubwa ya masafa marefu, kisha wakaongeza dakika thelathini za kuruka na kutua, bila kujali ni kiwanja gani. Nilimsomea mjomba. Akacheka hadi akakohoa. "Ndege hiyo ikija Tanga," alisema, "pua itasimama uwanjani na mkia utabaki Pongwe."

Ile ya dakika ishirini ilikuwa na akili zaidi. Lakini nayo ilijibu swali ambalo sikuwa nimeuliza. Dakika ishirini ni kutoka lami hadi lami. Asumini haianzii kwenye lami, inaanzia uani Ngamiani na inaishia kwenye nywele za mtu Wete. Katikati kuna bajaji, mizani, benchi la kusubiria, angani, halafu gari kutoka kiwanjani karibu na Chake Chake hadi Wete, safari inayokula muda kuliko ile ya kuvuka bahari yenyewe. Nilipomweleza bibi, alinitazama kama mtu aliyesikia jirani akigundua kwamba maji yanalowesha. Lakini aliacha kuchagua mchele, na kwake hiyo ni heshima kubwa.

Basi tukafanya majaribio. Nilichuma matumba nikayagawa: mengine kwenye friji, mengine kwenye kitambaa chepesi kilicholowa, mengine kwenye jani la mgomba lililofungwa kwa uzi. Nikayatunga baadhi, mengine nikayaacha hivyo hivyo. Bibi aliniambia friji itayaua. Haikuyaua, iliyafumbisha vizuri, ila yaliyogusa ukuta wa barafu yalitoka na madoa. Yeye aliamini kitambaa kuliko vyote, kwa kuwa ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kitambaa kikashindwa na jani la mgomba. Alilinusa jani, akalinusa tena, akasema, "Mama yangu alitumia jani. Mimi ndiye niliyehamia kwenye kitambaa, kwa uvivu." Nilimpenda sana dakika ile. Najua watu wengi wenye shahada ambao hawawezi kusema sentensi kama hiyo.

Jambo jingine tulilogundua ni kwamba yaliyotungwa mapema yalifunguka mapema na kuchubuka yalipobebwa, wakati yaliyoachwa bila kutungwa yalivumilia. Kwa hiyo mimi, mtafiti, nikaamua: tutabeba matumba yakiwa yametawanywa ndani ya majani ya mgomba, na bibi atayatunga Wete. Ndege ni ya alasiri. Tutafika jua bado lipo. Bi harusi anatolewa baada ya isha. Muda upo.

Siku ilipofika tulichuma baada ya adhuhuri, bibi akiwa juu ya kigoda na mimi nikishika ungo chini. Alichagua kwa ncha za vidole. Lililoanza kulegea aliliacha, dogo la kijani aliliacha. Tulifunga majani manne makubwa na kuyaweka kwenye kikapu, tukapanda bajaji.

Uwanja wetu wa ndege ni mdogo. Ukipeperusha leso mlangoni, aliyeko kwenye mizani atakuona. Ndege za Pemba ni ndogo pia, kwa hiyo haupimwi mzigo tu, hata mtu mwenyewe anapimwa. Bibi hakuwa ameambiwa.

"Mimi nipande hapo? Kama kiroba?"

"Sote tunapanda, bibi," kijana wa mizani alisema kwa adabu. "Shikamoo."

"Marahaba. Na ukisoma, soma kimoyomoyo."

Alipanda ameshika kikapu. Kijana alimwomba akiweke chini kipimwe peke yake. Kikapu kilipowekwa, mshale wa mizani haukusogea kiasi cha kuonekana. Kijana akaigonga mizani kwa kiatu, akatazama tena.

"Kuna nini humu?"

"Harusi," bibi alisema.

Mbele kidogo palikuwa na ukaguzi, na hapo mkoba wa bibi ulifunguliwa na askari wa usalama, kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Alitoa kopo dogo la mafuta ya mgando lililokwisha zamani. Ndani yake mlikuwa na mabunda ya uzi mweupe na sindano zake tatu ndefu za kutungia.

"Uzi sawa, bibi. Sindano haipandi mkononi. Tutaiweka kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, utaikuta Pemba."

Mimi nikaanza. Nikauliza kanuni inasema sindano ya urefu gani. Nikauliza imeandikwa wapi, na kama naweza kuiona. Nikauliza mwanamke wa umri wa bibi anaweza kumteka nani kwa sindano ya asumini. Askari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, ukimaliza, nitaiweka kwenye begi." Bibi akanivuta mkono. "Tutaikuta huko. Kwani nitatunga angani?"

Begi likachukuliwa kwenye toroli. Tukakaa kwenye benchi.

Ndege haikuja. Kwanza hakuna aliyesema kitu. Halafu kijana wa mizani akatangaza, bila kipaza sauti maana hakikuhitajika, kwamba kuna mvua kubwa Unguja na ndege bado iko kule, tuwe na subira. Tulikuwa abiria wachache. Jirani yetu kwenye benchi alikuwa mama mmoja wa Pemba, mfanyabiashara wa vyombo, anarudi kwao Wete na maboksi yake ya sahani za udongo. Alimuuliza bibi kikapu kina nini kinachonukia hivyo.

Swali lile lilinishtua kuliko tangazo la mvua. Asumini iliyofumba hainukii hivyo. Nilifungua jani moja kwa kidole. Matumba yalikuwa bado yamefunga, ila machache ya pembeni yalikuwa yameanza kulegeza midomo.

Nikapiga hesabu upya, na safari hii sikuhitaji tovuti. Hata ndege ikija sasa hivi tutatua karibu na magharibi. Gari hadi Wete, tutafika isha. Koja la bi harusi, lile kubwa la kuzungusha kichwani na kushuka hadi begani, bibi analitunga kati ya sala mbili, mikono yake ikiwa haina pupa. Muda wa kutunga haukuwepo tena. Niliona bibi naye amekwisha kuipiga hesabu hiyo, kwa njia yake, kwa sababu alikuwa amelifunika jani na kuweka viganja viwili juu yake kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Basi atatoka na plastiki," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mchele umekwisha. Sijawahi kumsikia bibi akikubali kushindwa. Nilichukia. Niliichukia mvua ya Unguja, nikachukia na ile akili yangu iliyoamua kwamba maua yasitungwe mapema.

Nilimfuata yule askari nikamwomba begi lirudishwe nichukue sindano. Akasema hawezi, na hata ningeipata isingepita. Safari hii sikumuuliza kanuni. Nilisimama tu pale mlangoni nikitazama nje, kwenye mnazi mfupi ulio karibu na uzio, na nikakumbuka kwamba mimi sikuwahi kutungia asumini kwa sindano. Watoto hatukupewa sindano. Tulitungia chelewa, ule uti mgumu wa katikati ya ukuti wa mnazi, tunaotengenezea fagio.

Nikarudi kwenye benchi mbio. "Bibi, chelewa."

"Chelewa ya wapi? Ya ufagio wa hapa? Iliyofagia miguu ya watu, niipitishe kwenye maua ya mtoto wangu?"

"Mbichi. Kwenye mnazi pale nje."

Abiria aliyekwisha kaguliwa hatoki nje. Nilijua hivyo, na askari alijua kwamba najua. Alitutazama, akatazama kikapu, kisha akamwambia mwenzake amshikie mlango. Tulimwona kupitia kioo akivuta kuti la chini kabisa, akivunja ukuti mmoja, wa pili, wa tatu, kofia ikamwanguka. Alirudi na kitita. Akampa bibi kwa mikono miwili.

"Hii si sindano," alisema.

"Allah akupe mke," bibi alimjibu.

Bibi alichana kuti kwa kucha, akatoa chelewa mbichi za kijani, akazipiga kwenye kanga kuona zipi zina uti mgumu. Akazipasua mwisho kidogo, akabana uzi ndani ya mpasuo. Mimi nikapewa moja. Yule mama wa Pemba akanyoosha mkono.

"Lete na mimi. Nyie watu wa Tanga maneno mnayo, mikono tutaiona."

Bibi alisita. Nilijua kwa nini: koja la kwetu hutungwa kwa mkono wa bibi. Na mimi, kwa tabia yangu mbaya, nikauliza hapo hapo.

"Bibi, mkono wako maana yake ni nini? Ni kutoboa tumba, au ni nini?"

Angeweza kunifokea. Alifikiri. Nilimwona kabisa akifikiri, midomo imebana, kama siku ile ya jani la mgomba.

"Ninyi toboeni," alisema mwishowe. "Jazeni chelewa. Mimi nitayashusha kwenye uzi na kufunga. Kila tumba litapita kwenye vidole vyangu kabla halijawa koja."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Tulitoboa kwenye kikonyo, tumba moja likitazama kushoto na jingine kulia, chelewa ikijaa tunampa bibi, naye anayasukuma taratibu hadi kwenye uzi, anayapanga, la kuchubuka analitoa, anakaza fundo. Yule mama alikuwa na kasi ya kutisha. Alitunga huku akisimulia jinsi boksi lake moja la sahani lilivyopasuka safari iliyopita, na hakutazama chini hata mara moja. Bibi alimtazama vidole, kisha akanitazama mimi vidole, kisha akaamua kutosema kitu.

"Sema tu, bi mkubwa," mama wa Pemba alisema. "Mjukuu wako anatunga kama anajaza karatasi ya mtihani."

"Huyo amesoma," bibi alisema. "Anahakiki kila tumba kwanza."

Ndege ilikuja jua limeshuka. Tulipanda na kazi yetu mikononi, koja nusu limekunjwa kwenye jani juu ya mapaja ya bibi. Rubani aligeuka akatutazama, akaona hakuna la kufanya, akatuomba tufunge mikanda. Tukaruka. Bibi hakuwahi kupanda ndege maisha yake. Nilitaka kumwonyesha mikoko na yale mafungu ya mchanga yanayoonekana chini ya maji, na rangi ya bahari inavyobadilika ghafla pale inapozidi kina. Alitazama mara moja.

"Ni mbali chini," alisema, kisha akasema, "Nipe chelewa hiyo."

Nilikuwa nimewasha kipima muda kwenye simu tangu magurudumu yalipoinuka. Yalipogusa lami ya Pemba ilikuwa imepita dakika ishirini na kidogo. Ile tovuti ya pili ilisema kweli. Nilijisikia kama mtu aliyevizia mwizi usiku kucha akakuta ni mwenye nyumba. Kwa barabara, Korogwe ni mbali kuliko huku, na sisi tunakwenda Korogwe kununua mboga.

"Tumefika?" bibi aliuliza. Alikuwa na chelewa mkononi yenye matumba nusu. "Mbona hata huu mstari sijaumaliza?"

Aliumalizia kwenye gari. Mama mdogo alikuwa ametuma dereva, na yule mama wa vyombo tukamchukua pamoja na maboksi yake, bibi akiwa amekwisha kumwalika harusini, sahani zikilia nyuma kila tulipopita kwenye tuta. Giza liliingia tukiwa bado njiani. Nilimulika kwa simu, na bibi akafunga fundo la mwisho tukiwa tumekwisha kuingia Wete, akakata uzi kwa meno.

Mimi si mtu wa kujivunia kwetu. Nimeshuhudia watu wakijivunia miji kana kwamba waliichagua kabla ya kuzaliwa, na huwa nawauliza wamefanya nini wao wenyewe ili mji huo uwe mzuri. Sikupata jibu la swali langu mwenyewe usiku ule. Ninachojua ni kwamba tuliposhuka kwenye gari na bibi akatangulia na lile jani la mgomba juu ya viganja viwili, kanga yake imejaa mabaki ya kuti, nilitembea nyuma yake nikiwa nimenyoosha mgongo kuliko siku niliyovaa joho la mahafali.

Shangazi wa bwana harusi alikuwa mlangoni mwa chumba cha kupambia, taji la plastiki limo kwenye mfuko wake wa nailoni. Alitusalimia vizuri, akampa bibi shikamoo yake, akatazama jani. Bibi alilifungua. Matumba yalikuwa yamefika pale pale yanapotakiwa kufika, yamelegea lakini hayajafunguka, na joto la chumba kile chenye wanawake wengi lilikuwa limeanza kuyaita.

"Haya," shangazi alisema. Alitoa taji lake mfukoni, akaligeuza geuza, akalivaa yeye. "Basi mimi niolewe na nani?"

Wanawake wakacheka, na bibi akacheka nao, kicheko cha kwanza tangu Ngamiani. Binti wa mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya kioo, ameshapakwa, anaogopa kugeuza shingo. Bibi alimzungusha koja mwenyewe. Aliingiza kibanio kimoja, akakitoa, akakiingiza tena. Yule binti alimshika mkono bibi na hakuuachia hadi mpambaji alipoomba nafasi.

Alitolewa baada ya isha. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka na wanawake wa Wete, na harufu ilifika kabla yake. Niliona vichwa vikigeuka kabla mlango haujafunguliwa. Alipopita mbele yetu asumini zilikuwa wazi zote, nyeupe juu ya nywele nyeusi hadi begani. Vigelegele vilipigwa. Bibi hakupiga. Alikuwa amekunja uso anakagua.

"Pale nyuma ya sikio," aliniambia, "yamebanana. Pale ni pako."

"Umejuaje?"

"Si nimeyapitisha mkononi?"

Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yetu, mtu mzima, aligeuka. "Koja hili katunga nani?" aliuliza. "Huku hatutungi hivi."

Nilimngoja bibi ajibu kama alivyojibu kwenye harusi zote nilizowahi kumsikia, kwamba ni yeye. Alielekeza kidevu upande wa pili wa ukumbi, alikokaa yule mama wa vyombo akila halua. "Yule wa Pemba kajaza. Na huyu," akasema, akiniwekea mkono mgongoni, "huyu ndiye aliyeyavusha. Mimi nimefunga."

Yule mwanamke alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Bibi akanifinya paja chini ya kanga.

"Kaa vizuri," alininong'oneza. "Wanakutazama."